Mshindani wako akikuomba chimbo, umpe nini?

Wauzaji wenzangu, hili swali linakuja sana inboksi: "Kuna mtu anauza viatu kama mimi, ananiomba chimbo. Nikimpa atanipita, nikimnyima ataniita mchoyo. Nifanyeje?"

Chimbo ulilolitafuta mwenyewe, ukazunguka Kariakoo wiki nzima kwa nauli yako, ni lako. Huna deni la kumwambia mtu. Mjibu tu "samahani, hilo siwezi kukutajia" na maisha yaendelee. Ila usimdanganye. Unakuta mtu anamwelekeza mwenzake makusudi kwenye duka la bei ghali, au anamwambia "mimi naagiza China" wakati mzigo anauchukua mtaa wa pili. Kukaa kimya ni haki yako, lakini huyo unayempoteza huenda ana mtaji wa laki mbili tu, tena ameukopa kwenye kikoba.

Sasa kuna mambo unayajua ambayo wala si yako kuyagawa, na hapa wengi tunapapita haraka. Tuseme duka la jumla linauza kiatu 18,000, lakini wewe unabeba dazeni mbili kila wiki, mwenye duka anakupa 15,500. Hiyo bei ni siri yenu wawili. Ukimtajia jirani, kesho anasimama pale dukani mbele ya watu: "Mbona fulani unampa 15,500?" Mwenye duka anaaibika, kila mteja anataka bei hiyo, na wewe unarudishwa 18,000. Mtajie duka ukipenda. Bei yako usiitaje, akaijenge ya kwake.

Vivyo hivyo kama ulikuwa unauza duka la mtu na sasa umefungua lako. Ujuzi ulioupata pale ondoka nao: kuongea na mteja, kupanga bidhaa, kutambua kitambaa kinachochuja. Hakuna wa kukudai. Lakini namba za wateja wa bosi wako ziache. Mteja alitoa namba ili aletewe mzigo wake, siyo ili zisambae kwenye magrupu. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usidhani ni mambo ya adabu tu.

Utapeli, huo msimulie hata mshindani wako bila kuombwa. Kama mtu amekutumia ujumbe wa muamala wa kughushi, mwambie mwenzako ulivyokuja: umetoka namba ya kawaida, salio halijaongezeka. Aangalie salio kwanza ndipo aachie mzigo. Leo kwako, kesho kwake.

Halafu yale magrupu ya "wote tuuze 30,000, asishushe mtu", toka humo. Mnaita umoja, kumbe anayekamuliwa ni mteja. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupangiana bei.

Na wewe unayeomba, usianze na "dada naomba chimbo" kwa mtu hata hujawahi kununua kwake. Anza hivi: "Dada, ukinichukulia pea sita pamoja na mzigo wako, utaniongezea shilingi ngapi kila pea?" Yeye anapata chochote, wewe unapata mzigo wa kuanzia, na chimbo lake linabaki kwake mpaka siku atakapotaka mwenyewe kukutajia.