Somo la Afya: Presha Hupimwa Mchana na Usiku

Mkulima anatoka Endebess alfajiri, anapanda matatu hadi Kitale, anapiga foleni, kisha anapimwa presha: 152/94. Je, hiyo ndiyo presha yake ya kila siku? Huenda ndiyo, huenda siyo.

Presha hubadilika kila saa. Hupanda ukifanya kazi, ukikasirika au ukiwa na maumivu. Usingizini hushuka, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20. Kuna watu ambao presha yao hupanda tu wakiwa mbele ya daktari. Wengine huonekana wazima kliniki, kumbe presha yao iko juu nyumbani au haishuki usiku. Hawa wanaweza kupata kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa figo bila kujua kwamba wamo hatarini.

Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza kipimo cha saa 24. Unafungwa kitambaa juu ya kiwiko, kikiunganishwa na mashine ndogo kiunoni. Mashine hupima yenyewe kila dakika 15 hadi 30 mchana, na kila dakika 30 hadi 60 usiku. Kitambaa kikianza kujaa hewa, simama na utulize mkono. Endelea na shughuli zako na dawa zako kama kawaida. Andika saa ya kulala na ya kuamka. Wastani wa saa 24 ukifika 130/80, presha iko juu.

Mashine hii haipatikani katika kila kituo. Daktari anaweza kukushauri ujipime nyumbani kwa siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila unapopima. Pumzika dakika tano kwanza, kaa umeegemea kiti, miguu ikiwa chini, na usizungumze. Andika kila kipimo. Hapa, wastani wa 135/85 ndio mpaka.

Huna mashine? Muulize mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji hawa wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha.

Kipimo kimoja kizuri kisikufanye uache dawa. Zungumza na daktari kwanza. Na ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au kifua kinauma, usingoje kupima. Kimbia hospitali.