SOMO LETU: KINUNDU CHEKUNDU CHA MTOTO MCHANGA



Mwanachama wetu mmoja ana binti aliyeolewa Rulenge, wilaya ya Ngara. Binti huyo amemwandikia baba yake kuwa mwanawe alizaliwa hana alama yoyote, na sasa, akiwa na miezi miwili, ana kinundu chekundu mkononi kinachozidi kila wiki. Majirani wengine wasema kichomwe, wengine kifungwe uzi mpaka kikatike. Mzee alituletea barua hiyo ofisini akiuliza amjibu nini. Jibu twaliweka hapa, maana laweza kuwafaa wengi.

Kwanza, kitu chenyewe. Madaktari hukiita hemanjioma. Ni mishipa midogo ya damu iliyozidi kuota mahali pamoja. Si saratani, hakiambukizi, wala hakikuletwa na jicho la mtu au kosa la mama katika mimba. Huwapata zaidi watoto wa kike na waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Katika ngozi nyeusi wekundu wake huenda usidhihiri. Huonekana kama zambarau au weusi uliokoza.

Pili, mwendo wake. Siku ya kuzaliwa mara nyingi hapana kitu, au pana doa hafifu tu. Wiki za mwanzo huchomoza, kisha hukua kwa haraka, na haraka hiyo ndiyo itishayo wazazi. Mtoto afikapo miezi 5, sehemu kubwa ya ukuaji huwa imekwisha. Baada ya mwaka mmoja hivi hurudi nyuma polepole: wekundu hugeuka kijivu, kinundu hulainika na kunywea. Vingi huwa vimemaliza kunywea mtoto afikapo miaka 4, ingawa ngozi yaweza kubaki imelegea au na kovu dogo. Mchumaji hutazama rangi ya karafuu kabla ya kunyoosha mkono. Mama naye atazame rangi, na akipime kwa uzi kila mwezi.

Tatu, tusichanganye. Baka jekundu bapa lililokuwapo tangu kuzaliwa, lisilofifia bali kukua pamoja na mtoto, ni jambo jingine, daktari alione. Baka la buluu kiunoni au matakoni, ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo, si la mishipa ya damu, na kwa kawaida hufutika utotoni.

Nne, pasipofaa kungoja. Kinundu kikiwa karibu na jicho, puani, mdomoni au kidevuni, kikiwa kikubwa usoni, kikifanya kidonda, vikiwa 5 au zaidi, au mtoto akipumua kwa kukoroma, apelekwe hospitali upesi. Kikitoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia. Isipokoma, mpeleke hospitali.

Dawa ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kuwa propranolol, dawa ya moyo, hukinywesha kinundu hiki. Lakini yaweza kushusha sukari ya mtoto na mapigo ya moyo, basi isinunuliwe dukani bila daktari. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 chuo kinachofundisha waganga wa ngozi.

Basi jibu letu kwa Rulenge ni hili: mtoto aonwe na daktari sasa, wakati kinundu kingali kikikua. Moto, wembe na uzi viwekwe mbali. Akiambiwa angoje, angoje kwa moyo mkunjufu. Kovu la kuchomwa halifutiki. Kinundu chenyewe chaelekea kunywea.

Katibu