Helmeti Si Pambo la Usukani

Nilipoambiwa nichangie makala katika jarida letu mwaka huu, nilikuwa nimeazimia kuandika juu ya ngeli. Lakini jambo lilitokea kwetu nyumbani, ngeli zikanitoka kichwani zote.

Kaka yangu mkubwa ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Kamenu, na ndiye anayenilipia karo. Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mvua ya rasharasha ikinyesha, pikipiki yake iliteleza kwenye barabara ya Garissa akaanguka. Helmeti alikuwa ameivaa, tena ameifunga. Lakini kifungo cha ukanda kilifyatuka, helmeti ikaenda zake mtaroni, na kichwa kikaenda kwenye lami bila kinga yoyote. Alishonwa nyuzi tisa juu ya sikio. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa akituuliza swali moja mara tatu, nne, na mama alikuwa akimjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Waama, "kinga ni bora kuliko tiba" ni methali ambayo nimeiandika katika insha nyingi ili nipate alama tu. Siku ile niliielewa.

Helmeti yenyewe ilinunuliwa shilingi 700 kando ya barabara. Niliichukua nikaichana bitana nione ndani kuna nini. Nilikuta ganda la plastiki na sponji nyembamba kama ya godoro kuukuu, basi. Nilimpelekea mwalimu wangu wa Fizikia. Akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. "Hii ni kofia ya kukinga mvua," akasema, kisha akaniwekea hesabu ubaoni.

Hesabu ni hii. Tuseme kichwa kinaanguka kutoka kimo cha mita 1.6, yaani pikipiki imesimama tu na mtu ameanguka kando. Kasi mraba ni mara mbili ya mvutano wa ardhi mara kimo: 2 × 10 × 1.6, ambayo ni 32. Kwa hiyo kichwa kinafika chini kwa kasi ya mita 5.7 kwa sekunde hivi, au kilomita 20 kwa saa. Sasa kitasimama katika umbali gani? Kikigonga lami kitupu, tuseme ni milimita 3. Kikiwa ndani ya helmeti yenye povu gumu linalobonyea sentimita 3, umbali ni mara kumi, na pigo linapungua mara kumi. Katika hali ya kwanza ubongo unapata mshtuko wa zaidi ya mara 500 ya mvutano wa ardhi. Katika hali ya pili ni kama mara 53. Siri yote ya helmeti imo katika zile sentimita 3.

Povu hilo mnalijua nyote. Ni lile jeupe linaloletwa na televisheni mpya ndani ya katoni, ila hili la helmeti ni zito na gumu zaidi. Kazi yake ni kupondeka ili fuvu lisipondeke. Likishapondeka halirudi, ndiyo sababu helmeti iliyoanguka na mtu barabarani haivaliwi tena hata kama kwa nje inang'aa. Na kwa sababu hiyo hiyo usinunue ya mitumba, maana hujui imepitia nini. Sponji laini ni ya kumstarehesha mvaaji tu.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyevuma huko Arabuni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianguka na pikipiki yake akafa baada ya siku chache bila kupata fahamu. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Cairns akaanza kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki jeshini, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona juu ya faida ya helmeti. Baadaye, watafiti waliokusanya tafiti nyingi pamoja na kuzitangaza mwaka 2008 walikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapa kwetu pikipiki zilizidi kuongezeka baada ya serikali kuondoa ushuru kwa zile ndogo mnamo 2008, na Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi ya kumeremeta. Abiria ni mmoja tu, jamani, si mshikaki.

Basi Jumamosi moja tulienda mjini Thika, mimi na kaka, kununua nyingine. Muuza duka akaanza, "Karibu boss, chukua hii, ni original." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ngoja kwanza tuangalie." Nikaigeuza juu chini. Ilikuwa na kibandiko cha ubora nyuma, lakini kibandiko hata mimi naweza kukichapisha. Afadhali kutafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, pamoja na nambari ya kibali chake, kisha ukaitumia kwa arafa kwenda 20023 kwa kuanza na SM# ili uone kama ni ya kweli. Kwa zilizotoka nje, kuna nyingine zenye herufi E ndani ya duara na tarakimu kando yake. Hiyo hushonwa kwenye kitambaa juu ya ukanda. Ikiwa imebandikwa tu kwa gundi, shuku.

Ukubwa ndio uliotuchukua muda. Kaka hupenda helmeti pana "ili kichwa kipumue". Tulipima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, tukapata sentimita 58. Aliyovaa kwanza ilimwenea vizuri, akaifurahia. Nikamshika helmeti nikaizungusha. Ikazunguka, uso ukabaki palepale. Hiyo haifai. Inafaa ngozi ya paji na mashavu ivutwe pamoja nayo. Kisha, ikiwa imefungwa, nikaisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele, ikatoka mzima mzima! Muuza duka akanyamaza. Ya tatu ndiyo ilikaa. Mashavu yalibanwa kidogo kama ya mtoto aliyejaza mahamri, na kati ya ukanda na koo palipita vidole viwili tu. Nikamwomba aivae dakika kumi na tano dukani. Ikiuma paji la uso mahali pamoja wakati huo, baada ya saa mbili stejini utaivua, na helmeti iliyovuliwa haina tofauti na sufuria.

Jua la Thika nalo si mchezo, kwa hiyo tulitafuta yenye matundu ya hewa na bitana inayotoka ili ifuliwe. Kioo tulichukua kisicho na rangi. Vile vyeusi vinapendeza mchana, lakini usiku ni kama kujifunga kitambaa machoni. Na zile kofia za mjengo ambazo baadhi ya wenzetu huvaa zimetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, si kwa mtu anayeanguka.

Nyumbani nilimwonya asiifute kwa petroli. Asiponiamini, kijipande cha povu jeupe kikitiwa ndani ya petroli huyeyuka ukikitazama. Tulijaribu maabarani, mwalimu akiwepo.

Imegharimu shilingi 3,800. Ni fedha zilizokuwa za karo yangu ya muhula huu, na bazari alinielewa, ingawa si kwa haraka. Iliyobaki ni ya abiria. Ile ya zamani, ambayo ilikuwa ikining'inia usukanini ili polisi waione, wateja walikuwa wakiikataa kwa harufu na kwa kuogopa mashilingi, na wasichana wenye kusuka hawakutaka hata kuigusa. Kaka amesema ya pili itanunuliwa Agosti pamoja na vifuniko vya nailoni vya kuvaliwa ndani. Kwa sasa hubeba mizigo tu, mboga na mitungi ya gesi, na jioni hunipita njiani akipiga honi nami narudi nyumbani kwa miguu.