Perege Aliyekonda

Mimi ni mtoto wa Tumbe, Pemba, kijiji ambacho asubuhi yake huanzia dikoni. Mpaka naingia chuo nilikuwa sijawahi kumshika perege, maana kwetu samaki ni wa bahari, basi. Kwa hiyo wenzangu mnisamehe nikianza na umeme.

Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unatoka gridi ya taifa, na mto Pangani ni mmoja wa wanaoilisha gridi hiyo: juu kuna bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mtambo wa megawati 8, chini yake Hale, megawati 21, kisha New Pangani Falls, megawati 68. Barafu ya samaki wetu ina undugu na maji ya perege. Ndiyo maana wenzangu wa biolojia walipokwenda Nyumba ya Mungu kupima samaki, nikadandia safari.

Kipimo chenyewe chepesi. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa 100, gawa kwa urefu wa sentimita uliozidishwa wenyewe mara tatu. Perege wa sentimita 20 na gramu 160 anapata 2. Mwenzake wa urefu uleule mwenye gramu 120 anapata 1.5, yaani kakonda.

Katika kapu letu wengi walikuwa wamekonda. Nikaandika kwa kujiamini kuwa bwawa linaumwa na sababu ni mitambo. Hoja nilikuwa nazo. Maji yakishushwa, kingo ambako madume huchimba viota hukauka. Na bwawa lenye kina, jua likichoma juu, maji ya chini hubaki ya baridi na kuishiwa oksijeni. Upepo mkali ukiyapindua, samaki hukosa pumzi. Yote hayo ni kweli. Nikapewa maksi nzuri.

Likizo nikamsomea ami yangu, mvuvi wa siku nyingi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Majike wangapi humo?"

Sikuwa nimeandika.

"Mwanangu, tasi akishataga hukonda. Nawe ungesema bahari inaumwa?"

Niliporudi vitabuni niliona aibu. Perege jike huyaatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakitoka hurudi humo humo kujificha. Muda wote huo hali, au hula kidogo mno. Akinaswa na nyavu huyatema, kwa hiyo ukimfungua mdomo mikononi mwako unaona mtupu, unadhani ni njaa au maradhi. Kumbe umemkamata mama akiwa kazini.

Jinsia ilikuwa kazi ya dakika moja. Mgeuze tumboni, tazama nyuma karibu na pezi: dume ana matundu mawili, jike matatu. Kisha ndiyo umpasue. Matamvua yawe mekundu. Yakipauka au yakijaa ute, andika. Ini litazame rangi na madoa, utumbo utazame minyoo. Nyongo iliyojaa na kuwa kijani kizito inaonyesha hajala siku kadhaa, lakini haikwambii kwa nini hajala. Pima pia oksijeni ya maji, juu na chini, na uandike kimo cha bwawa siku hiyo. Halafu urudi mwezi ujao, mahali palepale, kwa nyavu za matundu yaleyale, ulinganishe jike na jike. Kapu moja la siku moja, kama letu, halitoshi kumshitaki mtu, hata mtambo.

Mnaweza kusema hii ni ripoti ya darasani tu, ina ubaya gani? Mimi naona inao. Karatasi kama ile ikimfika mwenye mamlaka, wa kwanza kuambiwa atoe nyavu majini ni mvuvi. Na kama tatizo lipo kweli, liko kwenye oksijeni ya chini au kwenye viota vilivyokauka, litabaki palepale bila kuguswa, kwa sababu sisi tulipima vitu vingine.

Nimemwomba mwalimu anirudishie ripoti. Amecheka, kisha akanipa. Nimechora safu tatu mpya: jinsia, hali ya mayai, kimo cha maji. Zote tupu mpaka safari ijayo. Ami naye ananiagiza nimletee perege mmoja aliyekaushwa, aone kama analika.