Majibu Safi, Hofu Palepale
Kijitabu cha familia kuhusu wasiwasi wa magonjwa

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambayo ndani yake yupo mtu anayeishi kwa kuogopa kwamba ana ugonjwa mkubwa, na vipimo havimtulizi. Pengine ni wewe mwenyewe. Pengine ni mumeo, anayeamka saa nane usiku kupima presha. Pengine ni binti yako aliyeko chuo, ambaye amepima VVU tena na tena kwa ajili ya tukio lilelile moja. Kila mara majibu ni hasi, na kila mara anarudi na swali: kipimo kama kilikuwa kibovu je?

Mtu huyu hadanganyi wala hadeki. Maumivu anayosema anayo, anayo kweli. Kumwambia "huumwi chochote, acha kujiendekeza" ni kumwonea, na wala hakumsaidii, kwa sababu moyo wake unakwenda mbio kweli na ganzi ya vidole anaisikia kweli. Kinachohitaji tiba ni hofu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali hii katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022. Tiba zake zipo, na zimefanyiwa utafiti wa kutosha kwetu kuzizungumza bila kubabaisha.

Hofu inavyoufanya mwili

Ukiogopa, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huongeza kasi, misuli hukaza, tumbo husokota, kinywa hukauka. Ukianza kupumua harakaharaka, hewa ya kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, na hapo ndipo ganzi huingia vidoleni na kuzunguka midomo, kichwa kikawa chepesi. Asiyejua hili hudhani ni kiharusi. Akishawaza kiharusi, hofu inapanda; hofu ikipanda, anazidi kuhema, na ganzi inazidi.

Halafu kuna kujikagua. Meza mate sasa hivi mara tano mfululizo, bila maji. Ya nne au ya tano itagoma. Koo lako ni zima, mate tu ndiyo yamekwisha. Lakini mwenye hofu ya saratani ya koo hujipima hivyo kutwa nzima, na kila anapokwama anaona uthibitisho. Tezi ya shingoni nayo, ukiibinya siku nzima kuona kama imekua, jioni itauma.

Kwa nini kuhakikisha hakumalizi hofu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na tungependa familia ipasome kwa utulivu.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Uingereza, Paul Salkovskis na Hilary Warwick, walieleza kwamba mtu mwenye hofu ya ugonjwa akihakikishiwa kuwa yu mzima, hofu hushuka kwa muda mfupi, kisha hurudi, naye hutaka kuhakikishiwa tena. Ni kama kukuna upele: raha ya dakika moja, kidonda cha kesho. Kila kipimo, kila "hebu nishike hapa, unasikia uvimbe?", kila dakika ya kutafuta dalili kwenye simu, hufundisha akili kwamba hatari ilikuwepo na tumeponea chupuchupu.

Tazama mashine ya presha iliyo mezani sebuleni. Baba amepima alfajiri, imesoma 128 kwa 82. Hakuridhika, amepima tena: 136. Sasa kiganja kinatoka jasho. Mara ya tatu: 149. Anamwita mkewe, "Mama, njoo uone, presha imepanda." Imepanda kweli, na kilichoipandisha ni ile hofu ya kupima. Presha ya mtu yeyote hupanda na kushuka kutwa. Aliyeagizwa na daktari kupima nyumbani akae kitini dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Apime mara mbili kwa kupisha dakika moja, aandike, afunge mashine. Ambaye hakuagizwa, mashine ikae kwa ndugu mwingine.

Vipimo navyo vina kiasi. Tunasema bila kusita kwamba mwenye dalili apimwe, tena apimwe vizuri mara moja: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari, pumu na matatizo ya moyo huweza kuleta dalili zinazofanana na wasiwasi. Baada ya hapo, kurudia kipimo kilekile kwa sababu ya hofu ileile hakuongezi ujuzi wowote. VVU ni mfano mzuri. Kama tukio limetokea ndani ya saa 72, kimbilia kituo cha afya uulizie dawa za kinga, zinazomezwa siku 28. Kama miezi mitatu imepita tangu tukio, umepima kituoni, majibu ni hasi na hakuna tukio jipya, swali hilo limejibiwa. Kipimo cha kumi hakitasema zaidi ya kilichosemwa.

Na tuseme neno kuhusu taifodi, kwa kuwa nyumba nyingi zinahangaika nayo. Kipimo cha Widal, ambacho maabara nyingi za mitaani hukitumia, huweza kusoma chanya kwa mtu asiyeugua taifodi, kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Kuna watu wamemeza antibayotiki mwaka mzima kwa "taifodi sugu" huku kinachowachosha ni kukosa usingizi na hofu. Homa isiyoisha ni haki yako kuichunguza hospitali penye maabara inayoweza kuotesha damu. Uchovu bila homa, wenye vipimo vya Widal vinavyopanda na kushuka, unahitaji mazungumzo na daktari kabla ya dozi nyingine.

Tiba ya mazungumzo

Hii ndiyo tuipayo uzito wa kwanza. Wataalamu huiita tiba ya utambuzi na tabia. Wengi wakisikia mazungumzo hudhani ni kupewa moyo na kuombwa usiwaze. Sivyo. Ni kazi, yenye daftari na majaribio.

Mtaalamu huweka maelezo mawili mbele yako. La kwanza: nina ugonjwa mkubwa ambao haujaonekana. La pili: mimi ni mtu ninayeogopa sana magonjwa, na hofu hiyo inauchosha mwili wangu. Hakulazimishi kuamini la pili. Anakuomba muyapime yote mawili pamoja, wiki baada ya wiki. Kama ni la kwanza, mbona maumivu ya kifua huja ukiwa umelala peke yako na hupotea ukiwa sokoni na wateja? Kama ni la pili, tungetegemea nini ukiacha kujikagua kwa siku tatu? Basi unaacha, unaandika, mnasoma pamoja kilichotokea. Taratibu unarudi kwenye yale uliyokimbia: kwenda msibani, kumtembelea mgonjwa wodini, kupanda ngazi ukasikia moyo ukidunda bila kukaa chini.

Peter Tyrer na wenzake wa Uingereza waliijaribu tiba hii kwa watu 444 waliokuwa wakihudhuria kliniki za moyo, kifua, tumbo, mishipa ya fahamu na homoni katika hospitali za kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2014. Vikao vilikuwa kati ya vitano na kumi. Waliopata tiba walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kama kawaida, na nafuu ilidumu. Kinachotupa moyo zaidi sisi wa nchi zenye wataalamu wachache ni kwamba waliotoa tiba hawakuwa madaktari bingwa peke yao. Wauguzi waliofundishwa walifanya kazi hiyo, na waliifanya vizuri.

Ukisubiri miadi, unaweza kuanza nyumbani. Hamu ya kujikagua ikija, usiseme "sitafanya kamwe". Sema "nitafanya baada ya nusu saa", ukaendelee na shughuli. Mara nyingi nusu saa ikiisha hamu imepoa. Tenga robo saa ya jioni kuwa ndiyo saa ya wasiwasi, uandike yote, ufunge daftari. Ganzi na kuhema vikianza, vuta pumzi puani kwa kuhesabu hadi nne, itoe polepole hadi sita, kwa dakika chache.

Kusali, dua na maombi tunaviheshimu, na watu wengi hupata utulivu humo. Tunachoomba ni kwamba kiongozi wa dini asigeuzwe kuwa kipimo kingine cha kuuliza kila siku "nitapona?", wala mtu asiambiwe aache dawa.

Dawa

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la fluoksetini na sertralini. Ni dawa zilezile za sonona, na ukizikuta zimeandikwa kwenye cheti chako usidhani umeitwa kichaa. Hazileweshi wala hazileti uteja. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu watu 195, fluoksetini na tiba ya mazungumzo vililinganishwa na vidonge visivyo na dawa. Waliochanganya vyote viwili walipata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge vitupu, ingawa hata kati yao si wote waliopata nafuu kubwa. Ndiyo maana hatusemi kidonge peke yake kitamaliza jambo.

Yafaa mjue mapema jinsi dawa hizi zinavyokwenda, kwa sababu mwenye hofu ya magonjwa husoma kila kero ya dawa kama ugonjwa mpya. Wiki ya kwanza na ya pili huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, usingizi kuyumba, na hata wasiwasi kuongezeka kidogo. Mara nyingi kero hizo hupungua. Nafuu yenyewe huchukua wiki kadhaa. Hamu ya tendo la ndoa huweza kushuka. Lisemeni kwa daktari, si aibu, kuna namna ya kubadilisha. Mkipata nafuu, dawa huendelea kwa miezi mingi, kisha hupunguzwa kidogokidogo. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Kijana wa chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, na akitaja kujidhuru apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia tramadoli amwambie daktari kabla ya kuanza.

Vituo vingi vinayo amitriptilini badala ya hizo. Daktari akiiandika, itumieni kwa kipimo chake, na ifungieni mbali na watoto, maana ikizidishwa huua. Ama diazepamu, ile ambayo wengi huiita valium na hununua dukani bila cheti: hutuliza upesi, lakini kwa matumizi ya kila siku mwili huizoea ndani ya wiki chache, na kuiacha kukawa shida. Kama tayari unaitumia kila siku, usiikate ghafla. Nenda upunguziwe kwa mpango.

Mazoea ya kila siku

Kahawa, chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi huongeza mapigo ya moyo, na mwenye hofu hayahitaji. Saa tano au sita baada ya kahawa, karibu nusu ya nguvu yake ingali mwilini. Pombe huleta usingizi, kisha huukatiza alfajiri na kumwacha mtu na mtetemo. Tembea kwa kasi, lima, cheza mpira, alimradi jumla ya wiki ifike angalau dakika 150. Faida ya pekee hapa ni kuuzoea moyo unaodunda bila kuogopa. Simu ikalale chumba kingine. Utafutaji wa dalili usiku ndio tunaoupinga kwa nguvu zote.

Nyumbani mjibu nini

Mke au mama ndiye anayeulizwa mara nyingi kuliko daktari. Kaeni kikao wakati hofu imetulia, mkubaliane jibu moja. Akiuliza "Mama, unadhani ni saratani?", usianze kumtetea na kumhakikishia, wala usimfokee. Sema, "Naona hofu imekushika, mume wangu. Tulikubaliana nisijibu swali hilo. Njoo tupalilie pamoja." Siku za kwanza atakasirika. Vumilieni wote wawili.

Wakati wa kwenda hospitali bila kungoja

Mwenye wasiwasi naye huugua kama watu wengine. Kifua kinachobana kwa uzito na maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho la baridi, uso kupinda, mkono kulegea ghafla, ulimi kuwa mzito, kuzimia, kutapika au kukohoa damu: nenda saa hiyohiyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito bila sababu, homa inayorudi: nenda wiki hii.

Kwa hofu yenyewe anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Hospitali nyingi za mikoa zina huduma hiyo; juu yake zipo Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam, Kidongo Chekundu Unguja, na kwa walioko Nairobi, Mathari. Mwambie mhudumu, "Nimepimwa, majibu ni mazuri, naomba msaada wa hofu." Beba makaratasi ya vipimo vyote vya zamani ili usipimwe upya bure, pamoja na orodha ya kila dawa unayomeza, hata za mitishamba na zile ulizonunua dukani bila cheti.