Sampuli za Chembe za Nano: Zitunzwe Vipi Kwenye Kanzidata?

Maabara za Nyanda za Juu Kusini zimezoea sampuli za damu na makohozi. Sasa zinakutana na sampuli za aina nyingine: chembe za nano. Utafiti wa chanjo za VVU wa PrEPVacc ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuhusisha Mbeya, Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Afrika Kusini, ulitumia katika mojawapo ya makundi yake kiongeza nguvu cha chanjo chenye liposomu, yaani vijifuko vidogo sana vya mafuta. Mtaalamu wetu wa kumbukumbu za utafiti anajibu maswali ya wasomaji.

Chembe za nano ni nini, na sisi wa huku zinatuhusu nini? (Msomaji, Mafinga)

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe tunazozizungumzia kwa kawaida huwa na nanomita 1 hadi 100 hivi. Umeshaziona zikifanya kazi: mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya haraka vya malaria katika zahanati hutokana na chembe za dhahabu. Tena kuna dawa ya amphotericin B iliyofungwa ndani ya liposomu, inayotibu homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, ugonjwa unaowapata hasa wenye VVU waliochelewa kuanza tiba. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Kwa hiyo chembe hizi zinatuhusu sana.

Rekodi ya sampuli moja iwe na mambo gani? (Fundi sanifu maabara, Mbeya)

Namba ya pekee isiyorudiwa. Nani ametengeneza na lini. Namba ya bechi. Chembe imeundwa kwa nini na imepakwa nini juu. Imo katika kimiminika gani. Imehifadhiwa wapi na kwa nyuzi joto ngapi. Kisha vipimo vyote ilivyofanyiwa. Usikipuuze kimiminika. Ile amphotericin ya liposomu huyeyushwa kwa maji safi ya sindano, kisha huongezwa kwenye dripu ya sukari ya asilimia 5. Ukiitia kwenye dripu ya chumvi, hufanya mashapo. Dawa ni ileile, jina ni lilelile, lakini kilichomo kimebadilika. Rekodi yenye jina tu isingekuonyesha hilo.

Nimepima ukubwa kwa njia mbili, majibu yamepishana. Niingize lipi? (Mwanafunzi wa kemia, Iringa)

Yote mawili, ndugu yangu. Kipimo cha mtawanyiko wa mwanga hupima chembe ikiwa majini, pamoja na tabaka la maji linalotembea nayo. Hadubini ya elektroni, kwa kawaida, huonyesha chembe ikiwa kavu. Kupishana kwa majibu hayo ni kwa kawaida, wala hakumaanishi kwamba ulikosea. Kosa ni kuandika «nanomita 80» peke yake. Kila namba iambatane na njia, mashine, kimiminika, joto, tarehe na jina la aliyepima. Chaji iliyo kwenye uso wa chembe vilevile: bila kutaja pH na kiasi cha chumvi, haina maana.

Tumetengeneza tena sampuli ileile. Naweza kunakili rekodi ya zamani?

Nakili maelezo ya muundo na utaratibu wa kutengeneza, halafu uyahakiki. Vipimo usinakili kamwe. Bechi mpya hupewa namba mpya, hupimwa upya, na huunganishwa na rekodi ya bechi iliyotangulia. Mtu akinakili kila kitu, matokeo ya Januari huonekana kama ni ya Juni, na anayefuata hujenga hesabu zake juu ya jambo ambalo halikufanyika.

Jokofu liliharibika usiku, sampuli zikaganda. Nifute rekodi zake? (Mbeya)

Usifute. Andika tukio, saa na kiwango cha joto, kisha weka alama ya «isitumike» pamoja na sababu. Kuganda huweza kuzishikamanisha chembe. Zile za dhahabu hubadilika kutoka rangi nyekundu kuelekea zambarau au bluu. Rekodi ya sampuli ni kama kadi ya kliniki ya mtoto: mwezi ambao uzito ulishuka haufutwi, maana ndio unaomweleza muuguzi kilichotokea. Hata marekebisho ya kawaida yaache alama: nani, lini, kwa nini.

Sampuli ikichanganywa na damu ya mshiriki wa utafiti, nani aruhusiwe kuona rekodi?

Jina la mshiriki lisiingie kabisa kwenye kanzidata ya chembe. Tumia namba ya siri, na ufunguo wake utunzwe mahali pengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai tulinde taarifa za watu, na washiriki wenyewe wanatudai zaidi. Sampuli ikisafirishwa kwenda maabara nyingine, namba ya mkataba wa uhamishaji na ya kibali cha maadili ziwe ndani ya rekodi.

Hatuna programu maalumu, tuna Excel tu. Tuanzeje? (Iringa)

Anzeni na hiyo. Mfano mzuri wa kufuata ni caNanoLab, kanzidata ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyopanga kila sampuli kwa taarifa za jumla, muundo, vipimo na machapisho. Tengenezeni karatasi moja kwa kila sehemu, zote ziunganishwe na namba ya sampuli. Chagueni mtu mmoja wa kuhakiki, na nakala ya akiba ikae nje ya jengo.

Kwa wanaoanza kazi hii, ombi langu ni moja: jazeni rekodi siku ileile sampuli inapoingia, kabla hamjaiweka kwenye jokofu. Watu walitoa kwa hiari damu yao na muda wao ili tupate majibu ya kweli. Kichupa kisicho na kumbukumbu hakiwezi kuwapa majibu hayo.