Kabla hujaandika "halipitishi maji" kwenye posti yako, soma hii

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo nawapa somo lililonigharimu elfu 45.

Nauza majaketi ya mtumba. Juzi nilimuuzia kaka mmoja wa Zanzibar, kazi yake kupeleka watalii baharini kwa kayaki. Kwenye posti niliandika: "Halipitishi maji, hutoki jasho." Siku ya tatu akanitumia video, fulana imelowa chapachapa. "Dada, umeniuzia jaketi linalovuja."

Nikamrudishia hela, jaketi likarudi. Nikaweka tishu chini, nikakunja mgongo wa jaketi kama bakuli, nikamwagia maji nusu saa. Tishu kavu! Kumbe yale maji yalikuwa jasho lake mwenyewe.

Iko hivi. Ndani ya kitambaa cha aina ya Gore-Tex kuna utando mwembamba wenye vitundu vidogo mno. Tone la maji halipiti, ila mvuke wa jasho unapita. Lakini mvuke hautoki tu wenyewe. Unatoka penye unyevu mwingi kwenda penye unyevu mdogo. Kwenye baridi ya Ulaya linafanya kazi vizuri. Pwani kwetu nje kuna joto na unyevu karibu sawa na ndani, kwa hiyo mvuke unatoka taratibu sana.

Mpiga kasia ana shida mbili zaidi: laifu jaketi limemfunika kifua na mgongo, na maji yanamrukia muda wote. Kitambaa cha juu kikishanywa maji, mvuke unakwama ndani.

Kabla hujapiga picha, kagua hivi:

1. Dondoshea maji kwa juu. Yakiviringika, safi. Yakinyweka, dawa ya juu imeisha, ila jaketi si lazima liwe bovu. Lifue kwa sabuni laini, suuza vizuri, usiweke dawa ya kulainisha nguo. Lebo ikiruhusu pasi, pitisha ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine. Likigoma, tafuta spirei ya kuzuia maji.

2. Geuza ndani nje. Utando ukibanduka kama ngozi, au tepu za mishono zimeachia, liuze kama jaketi la kawaida.

3. Ya kupigia kasia mengi yana mpira shingoni na mikononi. Vuta taratibu. Ukiona nyufa, maji yataingia hapo.

Siku hizi naandika: "Linazuia maji ya nje. Ukifanya kazi nzito kwenye joto, utalowa jasho ndani." Na namuuliza mteja kwanza, unaenda kulivaa wapi?

Lile jaketi alichukua bodaboda mmoja, nikamweleza ukweli wote. Yeye anakaa, hapigi kasia. Mvua zote hizi hajalalamika.

Wewe ni bidhaa gani ilirudishwa na kumbe haikuwa mbovu? Tuambie kwenye komenti, tujifunze wote.